Kuchanganya plastiki zinazooza na kupuliza kitambaa kisichofumwa: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila muhula: PLA (plastiki inayooza, itokanayo na mimea) nichanganye na nini, uwiano uwe upi, mbona nyuzi zinakatika kabla hazijafika kwenye wavu. Wanaouliza ni wanafunzi wa uhandisi wa nguo, wa kemia, na siku hizi hata wenye karakana za mifuko. Hawa wa mwisho nawaelewa kabisa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na masoko yakajaa mifuko mbadala ambayo wengi huiita ya kitambaa. Sehemu kubwa ya mifuko hiyo ni polipropilini, plastiki ile ile ya ndoo na viti, iliyosokotwa kuwa nyuzi na kubandikwa kwa joto. Vile vidoto unavyoviona juu yake ni alama za kubandikia. Haijafumwa, na haiozi. Anayetaka kitambaa cha aina hiyo kinachooza hana budi kubadilisha malighafi.

Hapa naeleza njia moja tu: kuyeyusha PLA pamoja na PBS, plastiki nyingine inayooza iliyo laini zaidi, kisha kuupuliza myeyuko kwa hewa moto upate utando wa nyuzi nyembamba sana, kwa mashine ndogo ya maabara. Sielezi namna ya kushona mfuko. Kitambaa cha kupulizwa ni dhaifu kwa kubebea mzigo. Kinafaa kwa vichujio, kwa kutandaza shambani, kwa kufyonza mafuta. Mfuko unataka nyuzi nene zaidi, zilizovutwa vizuri na kubandikwa, na hiyo ni mashine nyingine.

Jambo moja kabla hatujaanza. Mtu akiniletea sampuli mbovu, mara nyingi huwa ameshalaumu uwiano, na anataka kujua kama ajaribu 70 kwa 30 badala ya 85 kwa 15. Mara nyingi uwiano hauna kosa. Kosa ni maji yaliyobaki ndani ya punje, yaani vichembe vya plastiki kama vinavyouzwa, au muda ambao plastiki imekaa kwenye joto. Ndiyo maana hatua za kukausha hapa chini ni ndefu kuliko za kupuliza.

Plastiki zenyewe, kwa ufupi

PLA inatokana na sukari ya mimea, hasa mahindi na miwa, iliyochachushwa kuwa asidi ya laktiki. Ni ngumu na inavunjika upesi. Hulainika karibu na 60°C na huyeyuka kati ya 150°C na 180°C, kutegemea aina uliyonunua.

PBS ni laini na inanyumbulika. Huyeyuka karibu na 115°C na inastahimili vizuri kiasi ekstruda, yaani mashine ya skrubu inayoyeyusha plastiki na kuisukuma nje. Ukiiongeza kidogo kwenye PLA, utando unaacha kukatika ukiukunja.

PBAT nayo ni laini, na utaikuta sana kwenye mifuko ya taka inayooza. Tatizo lake kwetu ni kwamba haishikani vizuri na PLA bila kiunganishi, na viunganishi vinavyouzwa vingi hurefusha minyororo ya polima na kuufanya myeyuko uwe mzito. Kwa filamu hilo ni jema. Kwa kupuliza nyuzi, unataka myeyuko mwepesi.

PHA hutengenezwa na bakteria, na sifa yake kubwa ni kuoza hata udongoni na majini. Lakini huanza kuharibika karibu na joto lile lile unalohitaji kuiyeyushia, na ikitoka hubaki ikinata kwa muda kwa sababu inachelewa kujenga fuwele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, walishapuliza vitambaa vya kutandaza shambani vya PLA na PHA kwa uwiano wa 75 kwa 25, kwa hiyo inawezekana. Si ya kuanzia. Anza na PBS, uzoee mashine, kisha uende huko.

Utakachohitaji

- PLA ya kiwango cha kupuliza. Soma karatasi ya muuzaji, tafuta kipimo cha mtiririko, yaani wepesi wa myeyuko kupita kwenye tundu: kiwe kama gramu 70 hadi 85 kwa dakika 10, kwenye 210°C na uzito wa kilo 2.16. PLA ya printa za 3D huwa karibu gramu 6. Ndiyo, ni PLA pia; hapana, haitafaa. Itatoka kama tambi.
- PBS yenye mtiririko mkubwa utakaoupata, gramu 20 hivi au zaidi kwenye 190°C.
- Kikaushio cha hewa kavu, au oveni ya ombwe. Oveni ya kawaida haitoshi. Sababu naieleza kwenye hatua ya 2.
- Ekstruda ya skrubu mbili kwa kuchanganyia, yenye mkanda wa kupoozea kwa hewa na kikata punje. Ukiwa na ya skrubu moja tu, soma angalizo kwenye hatua ya 4.
- Mashine ya kupuliza. Mahesabu ya hapa ni ya kichwa chenye upana wa sentimita 15, matundu 12 kwa kila sentimita, kipenyo cha tundu milimita 0.3.
- Polipropilini ya kusafishia silinda, kilo mbili au tatu.
- Mifuko ya foili inayozibwa kwa joto, na silika jeli.
- Mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, vioo vya hadubini, sahani ya moto, kipimajoto cha sindano.
- Glavu za joto, miwani ya kinga, koti la pamba la mikono mirefu, na feni ya kufyonza moshi juu ya kichwa cha mashine. Usivae nguo za polyesta: tone la myeyuko likizigusa, huyeyuka nalo na kugandia ngozini.
- Daftari. Kila badiliko liandikwe na saa yake.

Hatua

1. Panga kiasi. Kwa jaribio la kwanza andaa kilo 3 za mchanganyiko wa 85 kwa 15: PLA gramu 2,550 na PBS gramu 450. Kausha zaidi kidogo ya hapo, kwa kuwa utapima uzito baada ya kukausha. Tenga pia kilo moja ya PLA tupu. Hii utaipuliza kwanza, bila PBS, ili ujue tabia ya mashine kabla hujaongeza kitu cha pili cha kulaumu.

2. Kausha kila plastiki peke yake. PLA inapoyeyuka ikiwa na maji, maji hayo hukata minyororo ya polima. Myeyuko unakuwa mwepesi kupita kiasi, nyuzi zinakosa nguvu, na hakuna namna ya kuirudisha ilivyokuwa. Kwa kazi ya nyuzi lenga unyevu chini ya sehemu 50 kwa milioni. Maana yake ni gramu 0.05 za maji katika kilo nzima ya punje, yaani tone moja.

Sasa fikiria oveni ya kawaida iliyoko Dar es Salaam au Mombasa. Hewa inayoingia humo ina mvuke mwingi. Kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo mvuke wake huanza kugeuka maji, kinaweza kuwa 24°C. Ukiipasha hewa hiyo hadi 80°C, bado inabaki na unyevu wa asilimia 6 hivi, na punje zitakauka hadi zilingane na hewa hiyo, kisha zitasimama hapo. Unaweza kuziacha siku tatu zisisogee. Kikaushio cha kweli hupuliza hewa yenye kiwango cha umande cha chini ya −40°C. Oveni ya ombwe hufikia lengo kwa njia nyingine, kwa kuondoa hewa yenyewe.

PLA yenye fuwele, yaani punje zenye rangi ya maziwa, ikaushe kwa 80°C kwa saa 6. PBS ikaushe kwa 70°C kwa saa 5. Tandaza tabaka jembamba. Ukitumia ombwe, usifungue valvu moja kwa moja kuirudishia oveni hewa ya chumbani. Pitisha hewa hiyo kwenye bomba lililojazwa silika jeli, au tumia naitrojeni kavu.

Zikitoka, zitie kwenye mifuko ya foili zikiwa bado na moto na uzibe papo hapo. Kosa ninaloliona mno ni la mtu kukausha usiku kucha kwa uangalifu, halafu asubuhi akamwaga punje kwenye hopa (chombo cha kulishia mashine) iliyo wazi na kwenda kunywa chai.

3. Jaribu unyevu kwa vioo. Pasha sahani ya moto hadi karibu 200°C. Weka kioo cha hadubini, juu yake punje nne, zikianza kulainika funika na kioo cha pili na ubonyeze. Tazama. Vipovu vingi maana yake punje ni mbichi, zirudishe. Kipovu kimoja kimoja mara nyingi ni hewa iliyonaswa. Jaribio hili halitakuonyesha tofauti ya sehemu 50 na sehemu 100 kwa milioni, ila litakuokoa na makosa makubwa. Kama chuo chako kina mashine ya Karl Fischer yenye tanuri, ambayo hupima maji kidogo sana kwa usahihi, tumia hiyo.

4. Changanya kwa kuyeyusha. Pima PLA na PBS zilizokauka, zikoroge ndani ya mfuko wa foili uliozibwa, kisha ziingize kwenye ekstruda. Joto la kanda za silinda: 150°C mwanzoni, kisha 170°C, 180°C, na 190°C mwishoni. Kanda ya kwanza isizidi hapo. PBS huyeyuka mapema kuliko PLA, na ukiipasha sana mlangoni itaganda kwenye koo la hopa na kuzuia punje za PLA zisishuke.

Usizungushe skrubu kwa kasi kwa imani kwamba kasi inachanganya vizuri zaidi. Kasi huzalisha joto lake yenyewe. Chomeka kipimajoto cha sindano kwenye uzi unaotoka: ikiwa unasoma 210°C wakati umeweka 190°C, punguza kasi.

Poozea uzi kwa hewa juu ya mkanda, si kwenye beseni la maji. Karakana nyingi za plastiki zina beseni na zitakushauri ulitumie, maana kwa polipropilini halina madhara. Kwa PLA ni kuyarudisha maji uliyoyafukuza usiku kucha.

Mwenye ekstruda ya skrubu moja: unaweza kukoroga punje kavu na kuzipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kupuliza, ukaruka hatua hii na ya 5. Kwa asilimia 5 hadi 10 za PBS utapata kitu. Zaidi ya hapo utaona mistari kwenye utando, sehemu ngumu na sehemu laini, kwa kuwa mchanganyiko haukukolea.

5. Punje mpya ziwekee fuwele, kisha zikaushe tena. Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayowaharibia watu oveni. Punje ulizokata sasa hivi zimepoa haraka. PLA iliyomo haijapata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Ukizitia kwenye 80°C zikiwa rundo, zitalainika na kushikana kuwa tofali moja, na tofali hilo utalitoa kwa nyundo.

Zitandaze kwenye sinia kwa tabaka la punje moja, joto 95°C, na uzikoroge kila baada ya dakika chache kwa nusu saa hivi. Mwanzoni zitanata kidogo, kisha zitaacha. Chukua konzi ndogo, ibonyeze ikiwa na moto: ikiachia yenyewe, tayari. Hapo ndipo uzipeleke kwenye kikaushio, 80°C kwa saa 6, halafu kwenye foili. Usiamini rangi katika hatua hii, kwa sababu mchanganyiko wenye PBS una weupe tangu mwanzo hata kama PLA yake haina fuwele.

6. Pima mtiririko. Pima PLA kavu ambayo haijapitia ekstruda, kisha pima mchanganyiko, kwa joto na uzito ule ule. PBS nayo inabadilisha namba, kwa hiyo usitegemee zilingane. Unachotafuta ni mruko. PLA ilikuwa 78, mchanganyiko umekuwa 160: umeukata kwa maji au kwa joto, rudi hatua ya 2. Usiendelee mbele kwa matumaini. Hakuna kifaa cha kipimo hiki? Angalia presha ya ekstruda wakati wa kuchanganya. Ikishuka polepole huku mpangilio haujabadilika, habari ni ile ile.

7. Safisha na upashe mashine ya kupuliza. Pitisha polipropilini hadi itoke safi. Kama kabla yako mtu alitumia PVC, usiguse mashine hiyo kabla haijafunguliwa na kusafishwa. Kwenye joto letu PVC hutoa gesi ya asidi. Weka silinda 165°C, 185°C, 205°C, na kichwa 215°C. Hewa iwe juu ya kichwa kwa nyuzijoto 10 hadi 20, yaani 225°C hadi 235°C. Subiri nusu saa baada ya kipimajoto kufikia namba. Chuma kizito kinachelewa kupata joto sawasawa, na kona za kichwa huwa za mwisho.

8. Hewa kwanza, plastiki baadaye. Fungua hewa moto kabla myeyuko haujafika kwenye matundu. Ukitanguliza plastiki, itapanda kwenye mianya ya hewa na kuganda humo, na siku yako imeisha. Weka wavu wa kukusanyia umbali wa sentimita 20, washa feni ya kufyonza chini yake, kisha leta PLA tupu uliyoitenga. Kilichosukumwa mwanzoni kitakuwa na polipropilini ndani yake; kitupe mpaka utando uwe safi. Usikiweke kwenye rundo la mboji, wala usikipime kama sampuli.

Kinachotoka kikienda sawa hufanana na pamba ya sukari inayolala kwenye wavu. Usiiguse kwa mkono mtupu karibu na kichwa. Hewa yenyewe, huioni, inaunguza.

9. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anza na gramu 0.3 kwa kila tundu kwa dakika. Kichwa chetu kina matundu 180, kwa hiyo ni gramu 54 kwa dakika. Uzito wa kitambaa unatokana na hiyo namba na kasi ya wavu: gawa gramu za dakika moja kwa upana wa utando ukizidisha na kasi. Wavu ukienda mita 9 kwa dakika, 54 gawa kwa (0.15 × 9) ni gramu 40 kwa mita mraba. Kwa mwendo huo kilo 3 zinakwisha chini ya saa moja, kwa hiyo panga majaribio yako kabla, si huku mashine inakimbia.

Nyuzi nene? Ongeza hewa kwanza. Bado nene, pandisha kichwa kwa 5°C, usubiri dakika kumi, utazame tena. Usipandishe zaidi ya mara tatu. Ukihitaji joto kubwa kuliko hapo, PLA yako si ya kiwango sahihi. Umbali wa wavu unaamua ulaini: karibu zaidi, nyuzi zinafika zikiwa na moto na kushikana, kitambaa kinakuwa kigumu kama karatasi, mbali zaidi, kinakuwa cha kufumka, na nyuzi huanza kujisokota kuwa kamba kamba.

PLA tupu ikikaa sawa, ndipo ubadilishe kwenda mchanganyiko. Tegemea kushusha kichwa kwa 5°C hivi.

10. Chukua sampuli na uipime. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kutoka pembeni, katikati na pembe ya pili. Uzito wa kila kimoja mara 100 ni gramu kwa mita mraba. Vikipishana sana, kichwa hakijapata joto sawa au matundu yameziba upande mmoja. Kunja kipande kwa kidole: cha PLA tupu kitalia na kuvunjika, cha mchanganyiko kinatakiwa kirudi. Chini ya hadubini, kitambaa cha kupulizwa kizuri kina nyuzi za mikromita chache, kati ya 1 na 10 kwa sehemu kubwa.

Kisha tumbukiza kipande kingine kwenye maji ya 80°C kwa dakika moja. Kitasinyaa, na usishtuke. Nyuzi za PLA zilizopulizwa zimevutwa lakini hazijawahi kujenga fuwele za kutosha, na zikipita 60°C hujirudi. Kama kitambaa chako kitakutana na joto, kibane kwenye fremu pande zote nne na ukiweke kwenye 90°C kwa dakika chache. Fuwele zitajengwa kikiwa kimenyooka. Ukikipasha bila fremu utapata kitambaa cha nusu ukubwa.

11. Zima kwa mpangilio. Kwanza simamisha plastiki ya kazi, ingiza polipropilini hadi itoke bila rangi ya maziwa, simamisha skrubu, na hewa iwe ya mwisho. Usiache PLA wala PBS kwenye silinda yenye moto, hata kwa mapumziko ya chakula cha mchana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo huku kwetu si la kuuliza kama litatokea, ukirudi usiendelee pale ulipoishia: sukuma nje kila kilichokuwa ndani kwa polipropilini na uanze upya.

Kuhusu kuoza

Usiandike neno "inaoza" kwenye bidhaa kabla hujajua inaoza wapi. PLA inahitaji mboji ya kiwandani, joto la karibu 58°C pamoja na unyevu. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinataka asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka hewa ya ukaa ndani ya miezi sita katika hali hiyo. Ukizika PLA hiyo hiyo shambani, au ukiitupa Bahari ya Hindi, itakaa miaka. PBS inasaidia kiasi, haigeuzi hukumu. Kuzika kipande kwenye ndoo ya udongo na kukuta kimekatikakatika nako hakuthibitishi kitu. PLA hukatika kwanza kwa maji, na vipande vidogo bado ni plastiki. Uthibitisho ni kupima hewa ya ukaa inayotoka, na hilo hufanywa kwenye maabara yenye vifaa vyake.

Unene wa nyuzi una mchango wake. Wale wa Tennessee walipolinganisha vitambaa vya kutandaza shambani, vya kupulizwa vilidhoofika udongoni kuliko vya nyuzi nene vilivyosokotwa na kubandikwa, ambavyo viliendelea kuwa imara. Ukitaka kitambaa cha shambani kidumu misimu kadhaa, au kimalizike mapema, hilo ni la kufikiria kabla hujachagua mashine.

Ikigoma

*Matone madogo magumu kwenye utando.* Myeyuko ni mwepesi mno au hewa ni nyingi kuliko plastiki. Pima mtiririko. Kama umeruka, ni unyevu. Kama haujaruka, shusha kichwa kwa 5°C. Matone upande mmoja tu ni tundu lililoharibika au lililoziba nusu.

*Nyuzi zinapaa chumbani kama vumbi la pamba.* Zinakatika hewani. Punguza hewa, ongeza ufyonzaji chini ya wavu, na uvae barakoa wakati unarekebisha. Ikiendelea kwa hewa ndogo, plastiki imekatika minyororo; hakuna mpangilio utakaoiponya.

*Presha inapanda polepole.* Chujio linaziba. Mara nyingi ni mabaki meusi ya mtu aliyetangulia, yaliyobanduliwa na PLA. Badilisha chujio, sukuma polipropilini, anza tena.

*Presha inapanda na kushuka kama pumzi.* Punje hazishuki sawasawa. Gusa koo la hopa: likiwa na moto, maji ya kupoozea hayapiti na PBS imeanza kunata humo.

*Harufu kali na moshi.* PLA ikizidi joto hutoa mvuke wa laktidi unaokereketa macho na koo. Shusha joto, hakikisha feni ya moshi inafanya kazi, na kagua kipimajoto kwa sindano. Kipimajoto cha ukutani kinaweza kuonyesha 215°C huku ndani ni zaidi.

*Utando una rangi ya manjano.* Plastiki imekaa ndani muda mrefu. Ongeza mwendo au tumia mashine ndogo zaidi. Mashine kubwa inayotoa kidogo ni jiko la kuchemshia PLA.

*Kitambaa kinashikana na wavu.* Sogeza wavu nyuma sentimita 5, ongeza ufyonzaji. Ukiwa umevuka asilimia 20 za PBS, hili litakusumbua zaidi.

*Mistari laini na migumu kwa urefu wa kitambaa.* Mchanganyiko haukukolea. Kama mtiririko wa PBS yako uko mbali sana na wa PLA kwenye joto unalofanyia kazi, itabaki matone makubwa ndani ya PLA hata ukipitisha mara mbili. Na kupitisha mara mbili ni kuiunguza mara mbili. Tafuta PBS nyingine.

*Kilikuwa kizuri, baada ya miezi kinachanika.* Kilihifadhiwa wapi? Stoo ya mabati, Pwani, kipindi cha masika: joto na unyevu vimeendelea na kazi ile ile uliyoizuia kwenye ekstruda, taratibu tu. Kiweke kwenye foili pamoja na silika jeli, mahali pa baridi, na uandike tarehe juu ya mfuko.